Kigango cha Mzee Kavumbi

Kazi aliyopewa Tsuma ilikuwa kukaribisha wageni. Angekuwa mtu wa kucheka angecheka, maana kukaribisha wageni ndiko kulikomharibia maisha.

Walimpa tableti, wakampa na kofia yenye jina la shirika, wakamkalisha kwenye kibanda cha mabati kando ya kisima cha Junju, ambako mtandao hushika ukikaa upande wa dirisha. Pamela, binti wa ofisi ya Kilifi aliyesimamia mradi, alimweleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Kuna mchezo, alisema, watu wa dunia nzima huucheza mtandaoni kwa pamoja, kila mtu akiwa kwao. Ndani ya mchezo huo shirika limejenga Junju. Tangu Ijumaa hadi Jumapili wachezaji wataingia, watajenga, na kila watakachonunua humo ni mchango wa pampu mpya.

"Wanataka kukutana na mtu wa hapa hasa, mzee. Wewe ni katibu wa kamati ya maji. Utasimama kisimani, ndani ya mchezo, uwaambie karibu. Andika Kiswahili chako, mashine itawatafsiria. Wakijibu, utasoma kwa Kiswahili."

"Na Jumapili?"

"Saa kumi na mbili jioni inazimwa. Kila kitu kinafutwa. Halafu tunaleta pampu."

Nje ya kibanda palikuwa na mabango matatu ya mashirika matatu. La kwanza la mwaka tisini na nne, la pili la elfu mbili na saba, la tatu kutu ndiyo kwanza imeanza kulionja. Na chini ya kila bango, bomba kavu. Tsuma alikumbuka hotuba ya kila bango, aliyeisoma, na soda iliyogawiwa siku hiyo. Lakini watu walikuwa wakinywa maji ya chumvi, na maji waliyataka. Akavaa kofia.

Junju ya mchezoni ilikuwa ya vipande vya mraba: nyumba za mraba, minazi ya mraba, hata mbuzi. Watu tu ndio waliosahaulika. Hakuna aliyemjenga Damaris na karai lake la mahamri, wala vijana wa bodaboda wa njia panda. Wageni waliingia mbio, wakarukaruka, wakaandika salamu, wakaenda zao. Tsuma akasimama kisimani na umbo lake la mraba, akiandika karibu, karibu, karibu. Nyumbani nako hakukuwa na mtu. Mkewe alikuwa na miaka sita kaburini, watoto wote wawili wako Qatar. Upweke wa mahali pamoja alikwisha uzoea. Wa mahali pawili kwa wakati mmoja ulikuwa mgeni kwake.

"Mzee mzima na gemu," Damaris alimtania akipita na ndoo kichwani. "Umeshinda mabao mangapi?"

"Nawaombea nyinyi maji."

"Basi omba kwa bidii, mgongo wangu umechoka."

Jumamosi asubuhi akamwona baba yake.

Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mchezaji mmoja, kama pambo la bustani. Kigango: ubao wa mti mgumu, kichwa cha mviringo, kiwiliwili kirefu kisicho na mikono, kimechongwa pembetatu safu kwa safu. Ndicho Wagiriama walichomsimamishia mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akishafariki, ili koma yake, roho ya marehemu, ipate pa kukaa. Asiyejua atasema vyote vinafanana. Cha baba yake, Mzee Kavumbi, kilikuwa na pembetatu saba kushoto na sita kulia, kwa kuwa mchongaji alikuwa ameanza kuota mtoto wa jicho, na familia ikaona haya kumwambia arudie. Saba na sita. Tsuma alizifuata kwa ukucha juu ya kioo, mara tatu. Na begani palikuwa pamemeguka, palepale alipopagonga ng'ombe.

Mwaka themanini na tano alikuwa na miaka kumi na saba, anatoka shule, gari likasimama. Ndani mlikuwa na watu wawili: Mzungu mwenye kamera, na mwenzake wa papa hapa Pwani, mwenye ulimi mtamu. Walitaka kupiga picha tu, ati mila zisipotee. Ni mji wa nani una vigango vizuri? Tsuma akawapeleka mwenyewe. Akawaangulia madafu. Siku ya nne baba yake hakuwapo, pamebaki shimo na udongo mbichi. Wakati ule maduka ya Malindi yaliuza wazee wa watu dirishani, pamoja na vinyago na mikufu ya simbi, na hakuna askari aliyeingia kuuliza. Mama yake hakumpiga. Aliacha tu kumwita kwa jina. Mpaka anaingia kaburini mwanawe alikuwa "wewe": wewe njoo, wewe lete maji.

Na sasa chini ya kigango cha mchezoni palikuwa na kibao: NGUZO YA SHUKRANI. Kila aliyechanga alipewa moja. Kufikia adhuhuri Mzee Kavumbi alikuwa amesimama katika nyua mia tatu.

Tsuma akampigia Pamela. "Mwanangu, zile nguzo ni baba yangu."

"Nguzo zipi, mzee?"

Alipomaliza kumweleza, Pamela akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana. Lakini nguzo ndizo zinazowavuta. Nikiziondoa leo wataanza kuuliza, waandishi nao waulize, na pampu ipotee. Ni hadi kesho jioni tu, kisha zinafutwa."

"Sitaki zifutwe. Aliyezitengeneza ameona cha kweli mahali, la sivyo pembetatu angezisawazisha. Nataka kujua ni wapi. Nipe namba yake."

"Siruhusiwi kutoa habari za wachezaji. Ni mchezaji tu aliyejitolea kutuchorea, mfuate humohumo ndani. Anaitwa Lewis."

Akamfuata. Ilimchukua saa tatu kumpata, maana vidole vyake vilikuwa vya jembe, na umbo lake liligonga kuta. Lewis alikuwa akijenga ukuta wa bustani.

Tsuma akaandika: "Kigango hiki ni cha baba yangu. Umekiona wapi?"

Jibu likaja, kwa Kiswahili cha mashine: "Baba yako ana kanisa dogo! Hii ni ya kupendeza. Mimi sijaona."

Tsuma akasoma mara mbili. Akaandika tena: "Kigango cha baba yangu kiliibwa. Nataka kirudi."

"Samahani kwa kanisa la baba yako. Nani anaiba kanisa? Ngoja, rafiki."

Na Lewis akaanza kujenga. Akang'oa ukuta wa bustani, akapanga mawe meupe, akaweka mnara, akaweka msalaba. Wachezaji wengine wakaja kumsaidia, wakichanga huku wanajenga. Kufikia jioni kanisa lilikuwa limesimama kati ya Tsuma na baba yake, na kwenye mlango kibao: KWA BABA YA TSUMA. Tsuma alikaa akiitazama tableti hadi chaji ikaisha. Akafikiri mtu yule anamdhihaki.

Jumapili mchana Damaris alipita kibandani akitoka kusali, kitenge kipya, rozari mkononi. Tsuma akamwonyesha kanisa la mraba.

"Nimemuuliza habari ya kigango, kanijengea hili. Hebu niambie, huyu ana akili timamu?"

Damaris akasoma, akaanza kutikisika mabega. "Wewe Tsuma. Mimi nimetoka wapi sasa hivi?"

"Kanisani."

"Parokiani kwa padri?"

"La. Hapo kigan..."

"Kigangoni," Damaris akamalizia. "Kanisa dogo, padri anakuja mara moja kwa mwezi. Mashine yako ni Mkatoliki, kaka." Alicheka peke yake. Alipomwona uso, akaacha, akaketi juu ya ndoo. "Ni yeye kweli?"

"Saba na sita."

Damaris alikuwepo mwaka themanini na tano, alikijua kisa chote. Alitazama nje, kwenye mabango. "Nikikwambia usiwaudhi kwa sababu ya pampu, utaniona mbaya."

"Sitakuona mbaya."

"Basi sisemi. Waandikie. Ila usitumie neno lile."

Lewis hakuwemo mchezoni mchana kutwa. Aliingia saa kumi na mbili kasorobo, na juu ya kioo saa ya kuzimwa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Tsuma alikwisha andaa maneno kwenye daftari, akayanakili herufi kwa herufi.

"Sikutaka kanisa. Ile nguzo uliyoiiga ni baba yangu. Tuliisimamisha alipokufa. Watu waliiba. Mimi niliwaonyesha njia."

Umbo la Lewis likaacha kurukaruka. Lilisimama tu. Dakika tatu zikapita, Tsuma akiogopa mtandao umekatika, akiinua tableti karibu na dirisha.

"Nguzo hiyo ni mtu?" Lewis aliandika.

"Ni mtu."

"Mimi nasafisha sakafu katika makumbusho. Iko pale."

Kisha, kabla Tsuma hajagusa kioo: "Amesimama karibu na mlango wa choo. Kila asubuhi ninampangusa vumbi. Kibao chake kinasema: mchongaji hajulikani, mtu hajulikani."

Tsuma akaona neno. Amesimama. Ninampangusa. Dakika moja nyuma Mzee Kavumbi alikuwa ubao, "iko pale", kitu. Sasa mashine yenyewe ilikuwa imempa baba yake nafasi ya mtu. Zilibaki dakika mbili. Alianza kuandika, "Ni mji ga", na swali la Lewis likatokea juu ya lake.

"Anaitwa nani? Ninaona aibu. Miaka tisa sijamsalimia."

Kidole kikabaki hewani. Jina au mji. Muda wa yote mawili haukuwepo, si kwa vidole vile. Mtu mwenye busara angeuliza mji. Makumbusho yana anwani, anwani ina barua, barua ina wakili, na Tsuma alikuwa mtu wa barua. Alikwisha waandikia machifu, mawaziri na maaskofu. Lakini hakuna aliyepata kumuuliza jina la baba yake. Yule wa kamera hakuliuliza, wala mwenye duka. Na mtu akiulizwa marehemu wake ni nani, halafu akajibu swali kwa swali, atakuwa anamkana.

Akafuta. Akaandika: "Kavumbi."

"Kavumbi," Lewis akaandika. "Kesho asubuhi nitamwambia habari za asubuhi, Kavumbi."

"Mji gani?" Tsuma aliandika, akibonyeza kwa nguvu kama kwamba kioo kina uziwi. "Ni mji gani?"

Minazi ya mraba ikatoweka, kisha mbuzi, kisha kanisa. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake alionekana mzee amevaa kofia.

Simu ikalia. "Tumefaulu, mzee," Pamela alisema, sauti imejaa furaha. "Pampu inakuja mwezi ujao. Na bango, jina lako litakuwemo."

"Yule Lewis."

"Vyote vimefutwa, mzee. Hata mimi sina. Pole."

Tsuma alivua kofia, akaiweka juu ya tableti, akafunga kibanda. Jua lilikuwa bado halijazama alipofika kwenye mji wa zamani wa baba yake, ambao sasa ni mihogo ya mtu mwingine. Shimo lilikuwepo. Miaka yote alilizungushia mawe, na kila mwenye jembe alikwisha gombana naye juu yake. Akachuchumaa, akamimina humo pombe ya mnazi kidogo aliyokuja nayo kwenye chupa ya soda.

"Baba, uko ndani ya nyumba," alisema. "Hunyeshewi. Wamekuweka chooni, lakini hunyeshewi. Kesho asubuhi ukisikia mtu anakuita Kavumbi, anaitwa Lewis, muitike. Mji sikuuliza. Niliulizwa jina lako, nikaanza na hilo."

Mnazi ulikwisha nywea kwenye udongo. Upande wa barabarani pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Mimi ni Tsuma," akaongeza, kwa kuwa miaka mingi hakuna aliyelitaja jina hilo mahali pale.