Kikohozi cha Bi Kazija

Barua ya kampuni ya nyumba iliingia mlangoni Jumatatu asubuhi, Najla akiwa anakunja shuka za mamake. Fleti hiyo ya Tottenham, ghorofa ya nne, ilikuwa kwa jina la Bi Kazija, na Bi Kazija alizikwa wiki tatu nyuma. Bintiye, barua ilisema, hamo kwenye mkataba, hivyo anatakiwa awe amehama kabla ya mwisho wa Aprili. Najla aliisoma mara mbili akaiweka juu ya friji. Kisha akaenda chumbani, kwa sababu mamake alikuwa anakohoa.

Alikohoa vilevile kama miaka sita ya mwisho: mara tatu kavukavu, kimya kidogo, halafu mara moja ndefu yenye makohozi. Mwili ulikuwa umekwenda makaburini, kikohozi kikabaki. Kilikaa kando ya dirisha, pale kuvu nyeusi ilipopanda ukutani hadi usawa wa bega. Najla aliweka glasi ya maji ya moto kwenye kistuli, kama kawaida yake, akaenda kazini hospitalini, ambako alikuwa karani wa kupanga miadi. Aliporudi maji yalikuwa yamepungua nusu.

Wiki hiyo kampuni ilimtuma mkaguzi. Mkaguzi alisikia kikohozi, akauliza kama kuna mtu mwingine anayeishi humo. Najla alisema ni mamake. Mkaguzi akatazama karatasi zake, akasema mbona ameandikwa marehemu. Najla akasema ndiyo. Basi mkaguzi akaandika kwamba fleti ina mtu mmoja. Kuhusu kuvu, alishauri madirisha yafunguliwe. Mwenzake alishauri hivyo miaka mitano kabla, na barua nne za Bi Kazija zilijibiwa kwa maneno hayohayo.

Najla akaanza kutafuta chumba. Siku ya kwanza kikohozi kiliingia kwenye foronya ya mto wa mamake, naye hakuona sababu ya kukiacha peke yake. Akaikunja foronya, akaitia mkobani, wakapanda treni hadi Lewisham.

Chumba cha Lewisham kilikuwa karibu na soko na stesheni, kimepakwa rangi nyeupe ambayo bado ilinuka. Najla alikipenda. Lakini walipolikaribia kabati, mkoba ulianza kukohoa, na kila hatua kikohozi kilizidi. Najla akaomba kabati lisogezwe. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, rangi imevimba, na chini ya rangi kulikuwa na weusi. Dalali aliyewaonyesha chumba alisema ni doa la zamani. Akatoa pipi ya koo mfukoni, akautazama mkoba, akairudisha pipi mfukoni.

Katika wiki tatu walitazama vyumba saba. Bi Kazija alikohoa katika sita.

Cha saba kilikuwa Kingsbury, juu ya duka la viungo. Mwenye nyumba, Poonam, alizaliwa Mwanza na alizungumza Kiswahili cha huko. Najla alikuwa amemweleza kwenye simu kwamba atakuja na mamake, kwa hiyo vikombe vya chai ya tangawizi vilikuwa vitatu. Chumba kilikuwa kidogo, na jua la asubuhi liliingia hadi kitandani. Najla akaitandika foronya juu ya godoro, akakaa kando yake kusubiri. Chai ikapoa. Hakikusikika kitu.

"Mama hajapapenda?" Poonam aliuliza.

"Hukohoa penye unyevu tu."

"Hapa pakavu, dada. Marehemu mume wangu alilitengeneza paa hili kwa mikono yake."

"Ndiyo tabu yangu," Najla akasema.

Poonam akakusanya vikombe. Alisema atamwekea chumba hadi Jumapili.

Tabu ya Najla ilikuwa hii. Siku za mwisho hospitalini mamake alivalishwa barakoa ya hewa, akashindwa kusema, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumrekodi. Sauti iliyobaki ilikuwa kikohozi. Chumba cha Lewisham kilikuwa bado wazi, na humo angemsikia kila siku.

Jumapili baada ya swala ya alasiri alikaa kitandani kwa mamake, kule Tottenham, akauelekea ukuta.

"Mama, nikienda Kingsbury sitakusikia tena," alisema. "Nikienda Lewisham nitakusikia, lakini na mimi nitakuja kukohoa. Niambie wapi."

Kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Kikakatika katikati. Najla aliisikia pumzi ikizuiwa, kama mtu anavyojizuia mbele ya wageni, ikivutwa, ikitetemeka, isiachiwe. Bi Kazija alijizuia hivyo zaidi ya nusu saa. Najla alilia, akamwambia basi, mama, nimeelewa, usijitese. Akampigia simu Poonam.

Foronya ikakaa kwenye droo ya Kingsbury, kimya. Baada ya miezi michache watu walisikia habari zake, wakaanza kuja kuiazima wanapokwenda kutazama vyumba. Waliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Najla hakumnyima mtu. Alichotaka tu ni kuambiwa mamake alikohoaje.

Jumamosi moja aliiazima Winifrida, muuguzi kutoka Mbeya, mwenye mimba ya miezi saba, aende nayo Woolwich pamoja na mumewe, Method. Jioni aliirudisha, akakaa kwenye kiti, akavua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

"Alikohoa?" Najla akauliza.

"Tangu kwenye ngazi. Ndani hakupumzika kabisa, hata dalali akafungua dirisha."

"Kwa hiyo mmekiacha."

Winifrida aliisugua miguu yake. Alisema hicho kilikuwa chumba cha kumi na moja. Kwenye vile kumi vingine, madalali walipoliona tumbo lake, waliwaambia kimeshachukuliwa.

"Tumesaini," akasema.

Najla akamchemshia chai ya tangawizi. Akamwambia kitanda cha mtoto wakiweke upande wa mlango, mbali na ukuta wa nje.