Mama Alipoipima Nyumba kwa Nyayo

Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Mimi ndiye ninayepasua kuta na kulaza mabomba ya waya kabla plasta haijapigwa, kwa hiyo maswali yangu huwakera watu. Kitanda kitakaa wapi? Mlango utafungukia upande gani? Jokofu je? Mtu amekuja na rangi ya pazia kichwani, hayo mengine anasema tutaona tukishahamia.

Dada mmoja, muuguzi, alinijibu vivyo hivyo. Alikuwa anakarabati nyumba ya vyumba vitatu ili amlete mama yake wakae pamoja. Mama huyo alikuwa mshonaji mpaka presha ya macho ilipomzimia dunia, miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake hata dakika tano. Hata chooni alisindikizwa.

"Dada, plasta ikishapigwa, kila 'tutaona' ni nyundo upya," nilimwambia. "Kwa nini usimuulize mama mwenyewe?"

"Mama haoni, fundi. Atapanga nini?"

Hata hivyo kesho yake asubuhi alikuja naye, kamshika kiwiko. Mama alivua viatu mlangoni, akaingia kwenye sakafu ya saruji tupu, akapiga makofi mara mbili. Akatega sikio.

"Chumba kirefu hiki," alisema. "Ila kule mwisho pana uwazi. Dirisha?"

Nilitazama. Dirisha lilikuwa limetolewa juzi yake tu, limebaki tundu.

Akaagiza tumpangie nyumba nzima palepale, siku hiyohiyo, kabla ya ukuta hata mmoja kufunikwa. "Kwa vitu, si kwa karatasi. Karatasi itanisaidia nini mimi?" Basi tukalaza mlango wa zamani juu ya matofali, ukawa kitanda. Sanduku la vigae likawa jiko. Ndoo ikawa sinki. Mbao mbili ndefu zikawa kabati. Dada alikuwa anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu anayeogopa mzazi wake ataumia.

Mama akaanza kutembea. Taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta, nyayo zikihesabu. Kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua tano. Kutoka mlangoni hadi jikoni, tisa. Alirudia mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne akauachia ukuta. Dada akaruka kumshika, mama akamzuia kwa kiganja bila hata kugeuka.

"Niache, mwanangu. Nasoma."

Alipofika jikoni mkono wake ukakuta mfereji wa waya nilioupasua ukutani jana yake. Aliufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Fundi, hapa unaweka nini?"

"Soketi ya birika, mama."

"Na kabati linasimama wapi?"

Nikaziangalia zile mbao mbili. Soketi yangu ilikuwa inaingia nyuma ya kabati moja kwa moja. Miaka kumi na tisa ya kazi, na aliyenikamata ni mtu asiyeona.

"Nitaihamisha," nilisema, masikio yakiwaka moto.

"Ihamishe iwe mbali na maji. Na mlango huu wa jikoni ufungukie nje, ukifungukia ndani utanipiga usoni kila siku. Mbele ya jiko wekeni kigae cha kukwaruza, mguu ujue umefika kwenye moto."

Dada alikuwa ameshatoa daftari, anaandika mbio. "Swichi ya taa chumbani kwako tuiache, mama?"

"Uiache? Wageni wangu wakija nikae nao gizani kama popo?" Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Niwekeeni, tena ile ambayo kidole kinajua kama imewaka au imezimwa."

Alipokwenda kutafuta jua kwa kiganja chake karibu na lile tundu la dirisha, mimi nilifumba macho nijaribu kwenda naye. Hatua ya tatu nikagonga ugoko kwenye kitanda. Mama hakuuliza nimegonga nini. "Hicho ni kitanda, fundi," alisema, "hakikuhama."

Kisha akauliza rangi.

Dada aliacha kuandika. "Rangi ya kuta, mama?"

"Chumba changu. Nataka ile rangi ya udongo uliolowa mvua. Ukinidanganya sitajua, kwa hiyo usinidanganye. Nitakuwa naiona kila nikiamka."

Dada akamkumbatia, analia, na mama akampapasa mgongo kama anayepima kitambaa. Mimi nikajifanya natafuta patasi.

Tulijenga kama alivyosema, hatua kwa hatua. Seremala alinung'unika kuhusu mlango, fundi wa vigae akaniuliza nani kaleta ushauri wa vigae vya aina mbili jikoni. Nilimwambia ni mwenye nyumba. Rangi ilichanganywa mara tatu, dada akiibeba hadi uani kuilinganisha na udongo aliomwagia maji.

Siku ya kuhamia nilipita kukagua swichi zangu. Mama aliingia bila kushikwa. Alipita sebuleni, akakata kona, akafika jikoni, akajaza birika, akalichomeka mara moja tu, bila kupapasa. Nilisikia maji yanaanza kuimba. Dada alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nimewahi kuwasha nyumba nyingi mara ya kwanza, lakini sijawahi kuona kitu kama kile.

Tulikunywa chai. Alipoweka kikombe chake mezani, mama alisema, "Sasa tokeni."

"Tuende wapi?" dada aliuliza.

"Popote. Nataka kukaa peke yangu."

Tukatoka. Dada hakuweza kwenda mbali. Alisimama barabarani, mkono kwenye geti. Ndani tulisikia droo ikifunguliwa, kitu kikianguka, kimya, halafu mama akicheka mwenyewe. Dada alishaanza kusukuma geti. Akasita, akauondoa mkono.

"Ameokota," alisema taratibu. "Fundi, ameokota mwenyewe."

Tulisimama pale muda mrefu, tunasikiliza nyumba.