Majina Sitini na Moja

Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha wilaya, mjini Verkhny Log, Siberia, kwa hiyo kila uongo wa gazeti letu ulipita vidoleni mwangu kwanza. "Wachimbaji wavuka lengo." "Mgodi wa Tatu waongoza tena." Herufi za risasi, moja moja, kwa miaka kumi na mmoja.

Kesha Zyryanov tulipanga naye nyumba moja, tukitumia jiko moja. Alikuwa mpiga tromboni wa bendi ya mgodi. Bendi hiyo ilipiga siku ya Mei Mosi, na ilipiga kwenye mazishi. Mwamba ukimwangukia mtu, Kesha aliitwa, akapiga, akapewa glasi ya vodka na chapati nyembamba za matanga, akarudi nyumbani. Alikuwa mkimya kiasi kwamba jirani yetu mmoja alimdhania bubu.

Basi Julai ya mwaka 1989 zamu ya asubuhi ilitoka shimoni, ikakuta bafuni hakuna sabuni, mwezi wa pili mfululizo. Watu wakachoka. Hawakwenda nyumbani. Walitembea vilevile, weusi tititi, meno tu ndiyo yakionekana, wakaketi uwanjani mbele ya ofisi ya chama cha Kikomunisti. Kufika saa sita mchana walikuwa kama elfu tatu. Nami nikaacha kazi nikakimbilia huko na aproni yangu kiunoni.

Mkurugenzi wa mgodi akaita bendi.

"Pigeni kitu cha furaha," akawaambia, "na pigeni kwa nguvu! Nisisikie hata neno moja la hao wahuni."

Wakapiga. Msemaji juu ya lori alikuwa akipanua mdomo kama samaki, hasikiki. Ndipo mchimbaji mmoja aliyeketi mbele, Taras Kuzhel, akasimama.

"Kesha! Ndugu yangu ulimpigia akiwa jenezani. Mimi unanipigia ningali hai?"

Kesha akashusha tromboni. Aliyekuwa pembeni yake akashusha tarumbeta, na mwingine, na mwingine. Mpiga ngoma Genka alikuwa amefumba macho, hakuona kitu, akaendelea kutwanga peke yake, dum, dum, dum, mpaka uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kesha akapanda lori.

"Mimi sijui kuhutubia," alisema. "Ninachojua ni nimewapigia akina nani."

Akaanza kuwataja. Jina, jina la baba, mwaka. Hakuwa na karatasi. Kicheko kikafa. Kila jina lilipotajwa, mahali fulani uwanjani mtu alivua kofia. Alipofika la sitini na moja akauliza, "Gazeti letu limemtaja nani kati yao?"

"Hakuna!" uwanja ukanguruma, madirisha ya ofisi yakatikisika.

Vidole viliniwaka. Aliposhuka nilimshika mkono wa shati.

"Iandike hiyo. Nitaipanga."

"Faina, watakufukuza kazi."

"Wewe andika, usinipotezee muda!"

Aliandika jikoni, akikata maneno kwa ukali kama mtu anayeng'oa magugu. Kesho yake, wenzangu walipokwenda kula, nilipanga herufi kwa kasi ambayo sijaifikia tena maishani. Juu niliweka jina la gazeti alilolichagua: *Kutoka Chini*. Nilikuwa nimetoa karatasi ya kwanza ya majaribio, wino haujakauka, mlango ukafunguka. Nelli Prokhorovna, mkuu wa kiwanda, mwanachama wa chama tangu ujana wake, akainyakua mezani.

Alisoma yote amesimama. Kesha, aliyekuja kunisaidia, alikuwa amejibanza nyuma ya marobota ya karatasi. Nilisikia anavyopumua.

"Zyryanov, toka huko," alisema bila kuinua macho. "'Kilipuzi' umekiandika vibaya mara mbili."

"Nisamehe, Nelli Prokhorovna."

"Na Lukerin hayumo. Aliyefia hospitali baada ya wiki tatu. Au mtu akichelewa kufa humhesabu?"

"Hatukuitwa kumpigia," Kesha akajibu taratibu.

"Basi andika. Sitini na wawili." Akatoa penseli, akasahihisha ukurasa mzima. "Nikifungwa, sifungwi kwa makosa ya tahajia. Faina, nakala elfu mbili. Mnashangaa nini? Washeni mtambo!"

Zilikwisha uwanjani kabla ya saa kumi. Watu walisomeana kwa sauti, mmoja akishika karatasi, kumi wakiwa mabegani mwake. Mama mmoja aliweka kidole juu ya jina la mwanawe na hakukiondoa.

Siku ya tisa ya mgomo serikali ilileta sabuni, behewa zima, na soseji. Wengi wakarudi shimoni wakiimba. Kesha hakurudi popote. Toleo la pili lilisema chama kiondoke mgodini. La tatu lilisema mgodi uwe wa wanaouchimba. Bendi ilimfukuza, tromboni ikachukuliwa kwa kuwa ni mali ya mgodi, Genka akaacha kumsalimia. Wakamweka ndani siku kumi na tano kwa "kuvuruga utulivu". Alitoka na kichaka cha ndevu na makala nne kichwani, zote kali kuliko za mwanzo. Yule bubu wetu sasa hanyamazi! Nilikuwa nikimfukuza jikoni ili nipate kupika.

"Kesha, viazi vinaungua na wewe unapindua serikali!"

"Pindua viazi, mimi nimalizie aya."

Machi ya 1991, migodi ilipogoma tena, barua ilitufikia kutoka Vorkuta, kaskazini ya mbali kabisa, kwa watu tusiowajua. Walitaka nakala elfu tano, na walimtaka mwandishi mwenyewe. Tulichapa siku mbili bila kupumzika. Posta ilikataa mzigo, basi tukaukimbiza stesheni kwa kitoroli cha kuteleza kwenye theluji, Nelli Prokhorovna akitangulia na kupiga kelele watu wapishe. Treni ilishaanza kusogea. Mhudumu wa behewa, mama mnene mwenye kofia ya sare, aliinama mlangoni.

"Mnabeba nini nyie?"

"Gazeti la wachimbaji!" Kesha alijibu akihema.

"Mume wangu ni mchimbaji. Tupa ndani, haraka!"

Tukarusha marobota, moja baada ya jingine. Kesha akadandia, akageuka, akanyoosha mkono.

"Faina! Huko nani atapanga herufi?"

Sikuwa na begi wala koti la maana. Nilimshika mkono, nikaruka.