Ubaya wa Boksi la Kafwimbi

Ijumaa mchana Bana Chisha, yaani mama yake Chisha, alikuwa uani kwake, mtaa wa Chimwemwe, mjini Kitwe, akipaa perege, mumewe Kafwimbi aliporudi na boksi kubwa la betri liitwalo kituo cha umeme cha kubeba. Hilo la kubeba lilikuwa jina la dukani tu. Kafwimbi na jirani yao Simfukwe walilishika huku na huku, wakihema kama wamebeba jeneza.

Kafwimbi alikuwa amelinunua kwa mtaji wa samaki wa mkewe. Alisema ni kwa ajili ya friza yake, maana umeme siku hizo ulikuja alfajiri na kuondoka kabla chai haijachemka. Wakaunganisha friza. Boksi likalia pii, likazima. Kafwimbi akafungua kijitabu chake, akakunja uso wa kitaalamu, akatangaza kwamba friza inavuta moto mwingi mno. Televisheni boksi liliiweza. Akakaa kutazama mpira.

Jioni samaki wakaanza kulainika. Bana Chisha alisimama na plagi ya friza mkononi, hajui aichomeke wapi, friza ikanguruma. Alipoiachia, ikanyamaza. Alipoishika tena, ikanguruma. Akavuta kigoda, akakaa nayo.

Kafwimbi aligeuza shingo mara moja. "Afadhali," akasema.

Boksi lilipokwisha moto, ukutani hapakuwa na umeme wa kulijaza. Kafwimbi akaweka waya wa boksi katika mkono wa pili wa mkewe. Likajaa upesi, akafurahi, akajisifu kwa kuchagua boksi zuri. Bana Chisha akawa baridi mpaka viwikoni. Dada yake alikuja kumlisha nshima, ugali wa kwao, kwa tonge. Wateja walijichukulia samaki wenyewe, wakaacha hela kwenye bakuli, na wengine wakaomba awachajie simu.

"Bashi Chisha," alimwambia mumewe Jumapili moja, "zima televisheni, mkono huu upumzike."

"Kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza."

"Nikiachia je?"

"Achia. Samaki si wako?"

Bana Chisha akaitazama friza. Ada ya shule ya Chisha ilitoka humo, na unga, na kodi ya nyumba aliyokalia huyo mtazama mpira. Hakuachia.

Baadaye Simfukwe, naye akitaka kununua boksi, akaja kuuliza ubaya wake. Kafwimbi, kwa mara ya kwanza maishani, akasema kweli tupu: ni zito, likichomekwa ukutani linachelewa kujaa, linaogopa friza na pasi, na betri yake ikifa hapa mjini hakuna fundi.

"Na Bana Chisha?" Simfukwe akauliza, akimwangalia mwanamke pale kwenye kigoda.

Kafwimbi akafikiri kidogo. "Huyu hana ubaya. Ila anaongea."

Simfukwe akashukuru, akarudi kwake. Boksi hakununua. Alimkuta mkewe anafua, akamwambia afute mikono kwanza, kisha akampa waya wa taa ashike. Sebule ikawa na mwanga mzuri tu.