Miwa ya Kupimia Ukoo

Msema kweli mpenzi wa Mungu, kwa hiyo nianze hivi: meno yangu yote ni ya bandia. Nilifika miaka thelathini na nane nikiwa kibogoyo, kama baba yangu kabla yangu. Nilikwenda kuyatengenezea Iringa, ambako hakuna anayenijua, nikarudi hapa Uyole natabasamu. Huu mwaka wa ishirini na moja, na hakuna aliyewahi kujua, hata Habibu, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu akiwa mchanga.

Habibu alipotaka kumwoa Nusrat wa Rujewa, nani aende kuchunguza ukoo? Shangazi, nani mwingine! Kwetu huoi kabla hujajua wenzako wanaugua nini na wanakufa na nini. Na watu ukiwauliza wanakudanganya, si unajua binadamu tulivyo. Mimi siulizi. Nilifunga mzigo wa miwa, nikapanda basi.

Walinipokea vizuri mno, wakapika wali wa kwao unaonukia mpaka barabarani. Nikasema nimefunga sunna, nisije nikalazimika kutafuna muwa nao. Ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na heshima zake. Nikawagawia miwa, nikakaa mkekani kuangalia. Baba mtu akamenya kwa meno, Nusrat naye akamenya kwa meno. Mama yake akaomba kisu, akakatakata vipande vidogo vidogo, akavisukumia shavuni. Nikachungulia. Lo! Meno manne ya mbele hayapo!

Nilirudi na jibu langu. "Habibu mwanangu, achana nao. Ule ni ukoo wa vibogoyo, na mambo hayo yako kwenye damu. Utazaa watoto wa kula uji mpaka uzeeni."

Habibu hana tabia ya kubishana nami. Alisema tu, "Kama ni damu, shangazi, basi tukapime," akamchukua Nusrat mpaka kwa daktari wa meno mjini. Nikawafuata. Nilitaka kuisikia hukumu kwa masikio yangu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, Faustina jina lake. Akamwangalia Nusrat kwanza: fizi nzima kabisa. Habibu akamweleza habari ya mapengo ya mama yake Nusrat.

"Na mama yako yalimtokaje?"

"Alipigwa teke na ng'ombe, alikuwa anakamua."

Ng'ombe! Hilo halikunijia hata kidogo.

Kisha akaja Habibu. Daktari alipitisha kile kichuma chake chembamba kwenye fizi, uso ukambadilika. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Mfupa unaoshika meno umeliwa. Haya mawili ya nyuma yanacheza, itabidi tuyang'oe. Una kisukari?"

"Nimepima, sina."

"Kwenu kuna waliopoteza meno mapema?"

"Hakuna," akajibu kwa majivuno. "Shangazi yangu huyu anakaribia sitini, hebu mwangalie."

Daktari akaniangalia. Nikatabasamu.

"Basi ni sigara," akasema. "Kaka, ukinificha sigara nitakutibu vibaya."

Nusrat akageuka. "Habibu, si uliniapia huvuti?"

"Wallahi sivuti!"

"Mwanamume wa kunidanganya kabla ya ndoa mimi simtaki." Akachukua mkoba wake.

Hapo ndipo nilipopataka tangu niliporudi Rujewa, posa inavunjika na mimi sijasema neno. Lakini mwanangu alikuwa anaitwa mwongo kwa uongo wangu mimi. Roho iliniuma. Nikayatoa meno, ya juu kisha ya chini, nikayaweka kwenye sahani ya daktari.

"Havuti," nikasema, maneno yakinitoka kama mtoto mchanga. "Ni mimi."

Nusrat akarudi akakaa. Daktari akanigeukia. "Mama, hakuna anayezaliwa kibogoyo. Mnachorithi ni wepesi wa fizi kuugua pale uchafu unapoganda kwenye meno. Watu wa ukoo kama wenu wakianza kusafishwa meno hospitali mapema, wengi wanabaki nayo. Hata haya mawili labda tungeyaokoa."

"Mapema lini?"

"Siku ya kwanza fizi zilipotoa damu."

Siku hiyo naikumbuka. Habibu alikuwa na miaka kumi na saba, alinionyesha mswaki umejaa damu, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, kwetu hakuna ugonjwa wa meno. Nilijua. Nilijua kabisa, nikaona haya kusema.

Yalipokwisha kung'olewa tulikaa kwenye benchi, Habibu upande wa pili, mdomo umejaa pamba. Nusrat akatoa simu yake.

"Shangazi, nitajie wote kwenu waliotokwa na meno mapema. Nataka niwajue kabla sijazaa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikaanza na baba yangu, akaandika. Nikamtaja mdogo wangu wa Madibira, akaandika. Nilipofika kwa baba yake Habibu, Habibu aliinuka akatoka nje bila kuniangalia.