Zumari wa Nne

Bendi yetu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Tulimwita Mwenye Vyombo. Magitaa yalikuwa yake, ngoma zake, spika zake, hata waya wa kuunganishia ulikuwa wake, na gari likipata ajali alikagua vyombo kwanza kabla hajauliza kama sisi tuko wazima. Makoti tuliyovaa jukwaani yalikuwa yake. Majina pia. Ukipanda ukawa mwimbaji wa mbele, hukuitwa jina alilokupa baba yako, uliitwa Zumari. Mpiga gitaa aliitwa Radi. Mpiga ngoma aliitwa Mzee Kishindo hata kama ana miaka ishirini na mbili na ndevu bado anazisubiri. Mtu akiondoka, koti lilifuliwa, likapigwa pasi, akavishwa mwingine, na jina lake akarithi huyo huyo.

Mimi nilikuwa Zumari wa tatu. Nalisema mapema ili mtu asije kunitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Nilianza kwa kubeba spika. Shule nilikwisha kuiacha mara tatu na kuirudia mara mbili, kwa hiyo unaona mwenyewe hesabu iliishia wapi. Mazoezi tulifanyia kwenye ghala la zamani la saruji, na vumbi lake lilikukaa kooni kama mgeni asiyejua kuaga. Radi ndiye aliyenisikia nikiimba huku nakunja waya. Hakunisifu. Alinivuta mpaka nyuma ya ghala kwenye pipa tupu la mafuta, akaniambia, "Ingiza kichwa humo uimbe. Utakachokichukia, kirudie mpaka usikichukie."

Miaka minne niliimba ndani ya pipa. Humo ndimo nilimogundua kwamba nikiwa na woga sauti inakimbilia puani, na kwamba neno la mwisho wa mstari nalimeza kama kidonge. Nilipanda ngazi za ghala na ndoo ya maji kila mkono huku nimeshikilia sauti moja, nisiikate mpaka juu. Na nikapata kitu changu mwenyewe. Waimbaji wengine, kabla ya kupandisha sauti juu, huvuta pumzi mapema, wanajiandaa, unawaona kabisa. Mimi nilichelewa. Nilingoja mpaka udhani nimesahau, udhani wimbo umeniacha kituoni, ndipo nikavuta na kupanda kwa pamoja. Watu ukumbini waliacha kucheza wakasimama kuningoja.

"Hicho usimfundishe mtu," Radi alisema.

Zumari wa pili alipoondoka kwenda kujitegemea, nikapewa koti. Kwapani mlikuwa bado na harufu yake, ilikuwa imegoma kutoka kwa sabuni. Ndani ya miaka miwili kinyozi hakutaka nimlipe, mradi nikae kwenye kiti cha dirishani watu wanione. Wanawake nisiowajua walinisalimu shemeji. Mama mmoja alinionyesha mtoto mchanga, akasema kampa jina Zumari, na mimi nikambusu yule mtoto kama kweli nina haki naye.

Mchana mmoja wakati wa mazoezi Zumari wa pili akaja mlangoni. Alikuwa amekonda, kavaa shati la mikono mirefu kwenye joto. Kaomba kuonana na mimi. Nikamwambia mlinzi, "Mwambie Zumari hayupo."

Mlinzi akauliza, "Nimwambie nani hayupo, yeye au wewe?"

Tukacheka wote. Nilicheka sana siku ile, Mungu anisamehe.

Kisha dada yangu akaniletea mwanawe. Dada ni mkubwa wangu, amenibeba mgongoni, kwa hiyo hajawahi kubisha hodi kwangu.

"Mdogo wangu, huyu kitabu kimemshinda. Lakini anaimba bafuni mpaka majirani wanagonga ukuta."

"Wanagonga kwa furaha au kwa hasira?"

"Kawaulize wewe, si ndiye maarufu."

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na minane na sikio ambalo sijakutana nalo tena. Ukiimba mbele yake mara moja, anakurudishia pamoja na kikohozi chako. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilikuwa naogopa mafua. Kweli, si mzaha. Nilijua siku nikiumwa wiki mbili, Mwenye Vyombo atatafuta mtu, na huyo mtu atalizoea koti. Nikasema afadhali mtu wa akiba awe damu yangu. Nikamkata mpwa wangu kwa kipimo changu, kama fundi anavyokata suruali. Nilimtia kwenye pipa, nikampandisha ngazi na ndoo, na hata ile pumzi ya kuchelewa nikamfundisha. Kila alipoweka chake, nilikifyeka. Alikuwa na kilio fulani kidogo, alikipenyeza kabla ya kupanda juu.

"Hicho nini?"

"Nimejisikia tu, mjomba."

"Kajisikie kwa mama yako. Hapa imba."

Radi alikuwa pembeni anakaza nyuzi za gitaa. Akaniuliza, "Unamfundisha kuimba, au unamfundisha kuwa wewe?"

"Tofauti yake nini?"

Aliendelea kukaza nyuzi.

Mwaka wangu wa kumi na moja ndani ya koti nikajiona nimekua kuliko bendi. Niliona watu wanakuja kwa ajili yangu, spika ni za kukodi tu, hata mimi naweza kukodi. Wa pili alishindwa, nilijiambia, kwa sababu hakuwa mimi. Nikamfuata Mwenye Vyombo kuaga, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikuwa anakula karanga.

"Nenda, baba, Mungu akutangulie. Koti litundike kwenye msumari."

Nikabandika matangazo mji mzima: ZUMARI, Jumamosi saa kumi alasiri. Saa hiyo hiyo, mtaa wa tatu kutoka ukumbi wangu, bendi nayo ilikuwa na onyesho, na Zumari aliimba. Kwangu walikuja watu kama arobaini. Wimbo wa pili haujafika katikati, mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Huyu anamuiga Zumari!"

Mwenzake akamjibu, "Tena anamuiga vibaya."

Jumatatu nilimfuata mpwa wangu ghalani. Alikuwa amekaa juu ya spika, koti kalikunja magotini.

"Mjomba, lilikuwa kwenye msumari. Ningefanyaje? Si wewe uliyeniambia nikae tayari?"

Nilinyanyua mkono nimpige kofi, nikaushusha. Alikuwa hajakwepa. Alikuwa ananiangalia kama anayengoja nimsahihishe pumzi.

Baada ya hapo nilitembea miaka ishirini na moja. Nimeimba kwenye harusi za watu nisiowajua na kwenye hoteli ambazo mwenye hoteli ndiye msikilizaji pekee. Nimepaka rangi kuta, nimeuza magodoro, nimelinda ghala la mbolea. Mwanzoni nilikuwa nawaambia watu kwamba Zumari ni mimi. Mtu mmoja kwenye kituo cha mabasi akanijibu, "Karibu, na mimi ni rais." Nikaacha kusema. Na huku nyuma mpwa wangu alikuwa anapanda. Nilimsikia kwenye maredio ya vinyozi, kwenye malori, kwenye simu za abiria. Nilikuwa natoka nje kabla wimbo haujafika pale pa kupandia. Sikutaka kujua kama bado ananikumbuka.

Alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nafagia duka la watu. Sauti ilikuwa kama mtu anaburuta gunia la kokoto.

"Mjomba, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwana wa dada yako."

Koo lilikuwa limekwisha. Daktari kaona vinundu, kakataza kuimba, kakataza hata kunong'ona; simu ile aliipiga kwa wizi. Mwenye Vyombo alikuwa amekwisha kufariki, bendi anayo binti yake, na albamu ilikuwa imekwisha kutangazwa. Wimbo mmoja ndio uliobaki kuingizwa sauti, ule mkubwa wenye jina la albamu. Mama yake asijue, akasema, ana presha.

"Njoo uimbe wewe, mjomba."

"Kwa jina gani?"

Nikasikia anameza mate kwa shida.

"La kwako. Lile alilokupa babu. Litaandikwa kwenye jalada, nimeshakubaliana na Binti."

Nina miaka sitini na sita. Jina alilonipa baba limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwenye daftari za shule niliyoikimbia mara tatu, na mara moja polisi. Kwenye wimbo, hata siku moja. Niliacha ufagio ulipo.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ukutani, nikacheka peke yangu, maana ni yale yale niliyokuwa nauza. Binti alinipokea kwa heshima, shikamoo na kiti. Fundi wa mitambo alikuwa kijana mpole na mashine zake upande wa pili wa kioo. Mpwa wangu alikaa pembeni na maji ya moto, shingo kaifunga kitambaa, daftari magotini, kwa kuwa ilibidi aandike kila anachotaka kusema. Kazeeka. Tuliangaliana kidogo, kisha akanibusu mkono.

Nikaimba. Mstari wa kwanza sauti ilikimbilia puani, wa pili ikatulia. Nilipofika pa kupandia nikangoja, kama nilivyokuwa nangoja zamani, nikangoja mpaka hata mimi nikaogopa, nikavuta, nikapanda. Nilifika. Nawaambieni nilifika, na miaka yangu hii.

Fundi akasimamisha.

"Mzee, sauti unayo, Mungu akulinde. Ila hapo kabla ya kupanda unachelewa. Zumari havuti hivyo."

"Zumari anavutaje?"

Akanichezea wimbo wa miaka miwili nyuma. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nakikimbia kwenye maduka ya vinyozi. Mpwa wangu alikuwa anavuta mapema, na pale nilipokuwa naweka kimya, ameweka kile kilio chake kidogo. Kile nilichomfyekea kikawa kimeota upya nilipoondoka. Na kilikuwa kizuri. Ningependa kusema hakikuwa kizuri.

"Hiyo pumzi ya kuchelewa niliianza mimi," nikasema.

"Sawa, mzee wangu," fundi akajibu, kwa adabu kabisa, kama unavyomjibu mtu anayekuambia mtaa huu zamani ulikuwa msitu. "Lakini wasikilizaji wamezoea hivi."

Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Binti akasema, "Mzee, studio tunayo asubuhi hii tu. Kama haiwezekani, tuambie."

Ikawezekana. Nilirudia mara kumi na moja. Nilikuwa navuta mapema, kilio kinatoka kama cha paka. Nikavuta mapema zaidi, kikatoka kama cha mzee anayejifanya kijana. Mara ya saba mpwa wangu akasimama, akaja mbele yangu, akaweka kidole chini ya kidevu changu akakiinua kidogo, kama nilivyokuwa namfanyia yeye ghalani. Akarudi kukaa. Mara ya kumi na mbili nikaacha kuimba, nikamuiga. Nikakipata kilio chake, chote, na pumzi yake, na hata namna anavyolegeza neno la mwisho.

Fundi akapiga makofi peke yake nyuma ya kioo. Wakatuchezea. Nilisikiliza wimbo wote mpaka mwisho nikijitafuta, kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya darasa. Mpwa wangu alikuwa analia. Aliandika kwenye daftari, akanigeuzia nisome: *Hata mimi nimedhani ni mimi.*

Binti akanishika bega. "Tumekubaliana, mzee. Jina lako litakaa mbele. Majalada yanakwenda kwa mchapaji wiki ijayo, nitakupigia unitajie herufi zake."

Wimbo waliupeleka redioni kabla ya jalada, ndivyo wanavyofanya siku hizi. Siku ya nne dada akanipigia. Alikuwa hajui kwamba niko mji ule ule.

"Umemsikia mwanangu?"

"Nimemsikia."

"Nimelia, mdogo wangu. Nimekaa chini jikoni nikalia, maji yakachemka mpaka yakakauka. Leo kakupita, usinune."

"Sinuni, dada."

"Wewe enzi zako ulikuwa unaimba vizuri, sikatai. Lakini nikikusikia nilikuwa namsikia mdogo wangu tu, yule wa kulilia uji. Huyu leo nimemsikia Zumari. Na kile kilio! Wewe hukuwa nacho."

"Sikuwa nacho."

"Basi mpigie umsifu. Tangu mdogo anangoja umsifu, na wewe roho ngumu kama jiwe la kusagia."

Nikamwambia nitampigia. Sikupiga. Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni na simu mkononi. Nilijaribu kuimba ule mstari kwa sauti ya chini, kwa pumzi yangu ya zamani. Nikangoja, nikangoja. Nilipovuta, kikatoka kilio. Nikajaribu tena, kikatoka tena.

Jumatatu Binti akapiga.

"Mzee wangu, nipo kwa mchapaji. Nitajie jina, herufi moja moja, tusije tukakosea."

"Acha kama lilivyo."

"Lilivyo vipi?"

"Zumari."

"Sawa," akasema, haraka, kama mtu aliyekuwa ameshaandika.