Chafya ya Kumi

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Alhamisi, Venance alishindwa kumeza maji. Mkewe, Auleria, alikuwa amemshikia kikombe. Koo lilijikaza kabla maji hayajagusa midomo, akakisukuma kikombe kikapiga ukuta. Auleria alitazama saa, akatoka, akafunga mlango kwa nje. Yeye ni afisa mifugo wa kata huku Kibamba. Kwa miaka kumi na mmoja amechanja mbwa dhidi ya kichaa, na wale waliochelewa amewaona pia. Aliyefikia dalili hii akapona, hajamwona.

Venance alikuwa mfalme. Ukoo wake, watu arobaini na mmoja, unaishi nyuma ya Barabara ya Morogoro: mafundi wa kuchomelea, mama lishe, mwalimu mmoja wa hesabu. Wakitaka hujigeuza mbwamwitu, kwa kawaida ndani ya msitu wa Pande, kisha hurudi kazini. Auleria ni binadamu tu, mzaliwa wa Bukoba. Aliyajua yote hayo kabla ya ndoa. Ukoo unapokutana, yeye hukaa nje ya mlango na haulizwi neno.

Wiki saba nyuma, mbwa wa jalalani alimng'ata Venance mguuni. Mtu mwingine yeyote wa mtaani angeosha kidonda na kwenda kuchomwa sindano. Mfalme wa mbwamwitu hakuweza kutamka kwamba ameng'atwa na mbwa koko. Alivaa suruali ndefu mpaka kidonda kikafunga. Auleria aliliona kovu Jumatano asubuhi, nusu saa baada ya Venance kumng'ata binti yao begani.

Binti huyo, Asifiwe, ana miaka sita. Auleria alikiosha kidonda chake kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika kumi na tano. Katikati ya kuoshwa mtoto alishtuka, akajigeuza, na tangu hapo hajarudi kuwa mtu. Mtoto mwenye manyoya na mkia hapelekwi hospitali. Ilibaki chanjo ya mbwa, ambayo baada ya kung'atwa haina uhakika, na kila saa inayopita inapunguza hata huo uhakika mdogo. Chupa ilikuwa ndani ya deli la barafu, mezani. Mtoto alikuwa chumba cha pili na shangazi yake, Sesilia, komeo likiwa kwa ndani.

"Wifi, fungua," Auleria alisema.

"Sifungui. Wewe kadunge mbuzi zako. Sie ngozi yetu haitobolewi na chuma bila neno la mtawala, na hilo unalijua."

"Mtawala hawezi kumeza hata mate, Sesilia."

"Basi subiri."

Uani walikuwa wamekusanyika watu wazima thelathini na watatu. Auleria alimfuata Mzee Polikarpo, mshona nguo mstaafu anayetunza sheria za ukoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Nimesikia. Sina la kukusaidia."

"Chagueni mtawala mwingine, atoe neno."

"Anayekalia kiti cha mfalme aliye hai ndiye anayemmaliza, kwa mkono wake. Nimewauliza hawa wote tangu jana. Hakuna anayetaka."

"Mimi hukuniuliza."

Mzee akasimama na kuwaeleza wenzake ombi lenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo.

"Malkia asiye na mkia," alisema Gozbert, fundi wa kuchomelea. "Atawinda na nini, bodaboda?"

Wachache walicheka.

"Mtawinda wenyewe, shemeji," Auleria alisema. "Nani wiki hii hajagombea mfupa mmoja na Venance? Ugonjwa uko kwenye mate."

Gozbert alitazama mikono yake.

"Nina dozi arobaini. Leo zipo. Barafu ikiyeyuka hazina kazi."

Ukoo huo haupigi kura kwa mikono. Anayekubali hupiga chafya, fupi na kavu, na asiyekuwa wa damu yao huhitaji kumi. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Zikafuata tatu kwa pamoja upande wa jikoni. Saa tisa na robo Polikarpo alikuwa amehesabu nane. Gozbert akapiga ya tisa bila kuinua kichwa.

Zikaishia hapo. Auleria alimtazama mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa hawajapiga waliangalia chini.

"Jamani, ni moja tu," alisema. "Nawaomba. Mtoto ni wenu."

Dakika nne zilipita. Chafya ya kumi ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje.

"Hiyo ni ugonjwa," Sesilia alisema kutoka chumba cha pili. "Haihesabiwi."

Polikarpo alisogea hadi kwenye mlango wa mfalme, akasikiliza.

"Mgonjwa hajavuliwa kiti," alisema. "Wa kwanza kuhesabiwa ni yeye. Kumi." Akamgeukia Auleria. "Kiti kwanza, malkia. Mtoto baadaye. Sheria haina njia nyingine."

Auleria alivaa glavu mbili mbili, akachukua dawa ya kulaza na ile ya kusimamisha moyo, akaingia. Venance alikuwa amejigeuza. Kama alifanya hivyo makusudi, ili mkewe afanye kazi aliyoizoea, haijulikani. Alikuwa amelala ubavu, shingo imeelekezwa mlangoni. Auleria alimwita jina lake mara moja. Sikio lilitikisika. Saa tisa na dakika arobaini alichoma ya kwanza, na ya pili baada ya dakika nane. Saa kumi kasoro dakika tano aliweka kipimo cha mapigo kifuani, akasikiliza dakika nzima, hakusikia kitu.

Alinawa, akabadili glavu, akaenda chumba cha pili.

"Fungua," alisema.

Komeo lilivutwa. Sesilia alikuwa amempakata Asifiwe. Hakumtazama Auleria usoni, lakini alimgeuza mtoto ubavu na kuyatenganisha manyoya juu ya paja.

"Hapa, malkia?"

"Hapo. Mshike sawasawa."

Saa kumi na dakika sita sindano iliingia, mililita moja, yote.